Maswali ya Wasomaji: Asivuke Kabla Hajashika

Tangu tulipochapisha makala kuhusu wazazi wanaowafundisha watoto wao nyumbani, barua hazijakoma. Nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: mtoto akifundishwa kwa njia ya umilisi (wenzetu wa Tanzania husema umahiri), yaani asipelekwe kwenye somo jipya mpaka la zamani limemkaa, je, hatachelewa? Na je, atapenda vitabu, au atavichoka? Nimechagua barua tano. Nilifundisha madarasa ya mwanzo kwa miaka mingi kabla ya kuwafundisha wanangu mwenyewe, na baadhi ya majibu haya niliyapata baada ya kukosea.

*Mwalimu, habari za kazi. Sisi ni Watanzania tunaoishi Houston, Texas. Mwezi wa Agosti tuliwatoa watoto wetu wawili shuleni, na sasa ninawafundisha mwenyewe. Mkubwa ana miaka minane. Hii ni wiki ya tatu tumekwama kwenye hesabu za kutoa, na mtoto wa jirani wa umri uleule ameshafika kwenye kugawanya. Nimesoma habari za umilisi, lakini sielewi nitajuaje kwamba ameshika, wala nisubiri mpaka lini. Mume wangu anasema namchelewesha mtoto.*
Mama wa watoto wawili, Houston

Wiki tatu si nyingi, mama, ila inategemea zimetumikaje. Neno "kusubiri" ndilo linalowaponza wazazi wengi. Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye aliieneza njia hii kuanzia mwaka 1968, hakumwambia mwalimu asubiri. Alilichukua wazo la John Carroll, aliyekuwa ameandika mwaka 1963 kwamba wanafunzi hutofautiana zaidi katika muda ambao kila mmoja anauhitaji ili aelewe jambo. Shule huwapa watoto wote muda sawa, kisha hushangaa kwamba wamepata alama tofauti; Bloom akataka kiwango ndicho kiwe kimoja, muda ndio utofautiane. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa sehemu ndogo, hupewa jaribio fupi ambalo kazi yake ni kuonyesha alipokwama, hufundishwa tena sehemu hiyo kwa njia nyingine, kisha hupewa jaribio la pili. Uzito wote uko kwenye maneno "kwa njia nyingine". Ikiwa kwa wiki tatu mwanao amekuwa akirudia kurasa zilezile za mazoezi, basi huo si umilisi. Amerudishiwa kilekile kilichomshinda.

Mkalishe kesho umtazame akifanya hesabu moja tu, 42 kutoa 17, na usimsahihishe. Akiandika 35, umeupata ugonjwa. Ametazama safu ya mamoja, akaona 2 na 7, akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata 5. Kisha 4 akaitoa 1, akapata 3. Mtoto wa namna hii si mzembe hata kidogo. Ana kanuni, ila ni kanuni aliyojitungia, na ataifuata kwa uaminifu hata ukimpa hesabu mia. Kilichomkwamisha hakiko kwenye kutoa, kiko nyuma yake: hajaona kwamba ile 4 ni mafungu manne ya kumi, na kwamba fungu linaweza kufunguliwa.

Basi weka daftari pembeni. Tafuta njiti za kiberiti, zifungeni pamoja kwa mipira midogo mafungu manne ya kumi kumi, na njiti mbili zibaki peke yake. Mwambie akupe 17. Atakupa fungu moja, kisha atazitafuta saba kwenye zile mbili, atakwama, na atakutazama usoni. Hapo nyamaza, hata kama kunyamaza kunakuuma. Siku atakapoufungua mpira wa fungu la pili kwa mkono wake mwenyewe, kile tulichozoea kukiita kukopa hakitakuwa tena uchawi wa kuandika kijinambari juu ya kingine.

Umeuliza utajuaje kwamba ameshika. Waliomfuata Bloom huweka kiwango cha asilimia 80 hadi 90 ya majibu sahihi. Mimi nyumbani hutaka tisa kati ya kumi, kwa masharti mawili. La kwanza, afanye bila njiti na bila mimi kusimama begani pake. La pili, ambalo wazazi wengi hulisahau, afanye tena baada ya wiki moja, siku ambayo hakutegemea. Mtoto anayepata kumi leo na nne Jumatano ijayo alikuwa ameazima tu. Wakati huohuo usimfungie milango mingine: kusoma saa, kupima kwa rula, maumbo, hivyo vyote vinaweza kuendelea, maana havisimami juu ya kutoa. Kinachongoja ni kugawanya, kwa sababu kugawanya bila kutoa ni kujenga ukuta juu ya mchanga.

Utasikia pia watu wakinukuu makala ya Bloom ya mwaka 1984, iliyosema kwamba mwanafunzi wa kawaida aliyefundishwa peke yake na mwalimu wake, kwa umilisi, aliwapita takriban asilimia 98 ya wanaofundishwa darasani kwa kawaida. Usiitundike ukutani. Watafiti waliofuata hawakupata tofauti kubwa kiasi hicho. Waliikuta faida, lakini ndogo kuliko hiyo, na mzazi anayeahidi miujiza huishia kumgombeza mtoto kwa kutoitimiza.

Kuhusu mtoto wa jirani, kufika kwenye kugawanya na kujua kugawanya ni mambo mawili. Mume wako muonyeshe jaribio la kwanza na la pili, lenye tarehe. Karatasi mbili zitasema zaidi ya maneno yetu sote. Na kwa upande wa sheria mko salama: mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya Texas ilikubali kwamba masomo ya nyumbani ni sawa na shule binafsi, mradi yafundishwe kwa dhati na yawe na kusoma, tahajia, sarufi, hisabati na uraia mwema. Hakikisheni tu kwamba shule waliyotoka ilipokea barua ya kuwaondoa, na nakala yake muitunze.

*Mwalimu, shikamoo. Binti yangu ana miaka tisa, yuko darasa la tatu, na jioni namfundisha mimi mwenyewe nyumbani. Kiswahili anasoma bila shida. Nilimwekea utaratibu: kila kitabu cha hadithi akimaliza anajibu maswali kumi, akipata nane nampa shilingi 500. Mwanzoni alimaliza vitabu vinne kwa wiki. Baadaye akawa anachagua vile vyembamba tu, na mwezi huu hajagusa hata kimoja. Nimekosea wapi?*
Baba, Tanga

Marahaba, baba. Binti yako anajua hesabu kuliko unavyodhani: ametambua kwamba kitabu chembamba kinalipa sawasawa na kinene.

Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake, huko Stanford, Marekani, waliwachukua watoto wa shule ya chekechea waliokuwa wakipenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti likichora. Jingine halikuahidiwa kitu. Siku kadhaa baadaye, kalamu zilipowekwa mezani pasipo ahadi yoyote, walioahidiwa cheti walichora kwa muda mfupi zaidi kuliko wenzao. Walikuwa wamejifunza kwamba kuchora ni kibarua. Wewe nawe, kwa nia njema kabisa, umemwajiri binti yako, na sasa ameacha kazi.

Nakwambia hivyo bila kukucheka, kwa sababu mimi nilifanya baya zaidi. Mwanangu wa pili alikuwa akipanda juu ya mwembe na kitabu, haonekani mpaka adhuhuri. Nikaona hapo pana nafasi ya kufundisha. Nikaanza kumdai orodha ya misamiati mipya kwa kila sura. Akashuka mwembeni, na kwa karibu mwaka mzima hakupanda tena.

Kosa letu ni moja: tulichanganya vitu viwili. Kujua kusoma ni ufundi, na ufundi hupimwa. Hapo ndipo umilisi unapofaa, na kwa lugha yetu kazi hiyo ina mwisho, kwani mtoto akishika irabu tano na silabi zake anaweza kulitamka neno lolote hata asilolijua maana. Mpime kwa ukali uutakao kwenye mambo machache yanayowasumbua watoto: aitofautishe ng ya "ngoma" na ng' ya "ng'oma" (neno ambalo halipo, ndiyo maana linafaa kwa kumpima), asome th, dh na gh bila kuzigeuza s, z na g, ajue kwamba m ya "mbu" ni silabi inayosimama peke yake, na m ya "mbuzi" imeshikana na b. Jaribio la dakika tano linatosha, na likipita limepita. Kupenda kusoma, kwa upande mwingine, hakupimwi. Ukikigusa kwa rula kinanywea kama kifauwongo.

Kwa hiyo ondoa maswali kumi na uondoe shilingi 500, na usitoe hotuba ya kueleza kwa nini. Kwa mwezi mzima msomee wewe. Usishangae kwamba anajua kusoma mwenyewe. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuisikiliza hadithi ngumu kuliko ile anayoweza kuisoma, na hapo ndipo tamaa inapozaliwa. Soma dakika ishirini baada ya chakula cha usiku, ukomee pale ambapo fisi ameshaingia kisimani na hajulikani atatokaje. Funga kitabu. Kiache mezani, usikifungie kabatini. Ukikikuta asubuhi kimehama, usiseme lolote.

Ukihisi huwezi kuishi bila kuuliza kitu, kuna namna moja isiyodhuru. Mwalimu Mwingereza Charlotte Mason, aliyefariki mwaka 1923, aliacha kabisa maswali baada ya kusoma. Alisoma mara moja, kisha mtoto akasimulia alichosikia kwa maneno yake mwenyewe. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa hilo na mtu wa Uingereza. Mwambie binti yako amhadithie mdogo wake kisa hicho, aanze na "Paukwa!" na mdogo ajibu "Pakawa!" Ukisikiliza kutoka chumba cha pili utajua alichoelewa na alichoruka, na yeye hatajua kwamba amefanya mtihani.

Halafu kuna suala la vitabu vyenyewe. Vitabu vinne kwa wiki vilikuwa vingi kuliko vilivyomo nyumbani, nadhani, na huenda alibaki na vile asivyovitaka. Mpeleke Maktaba ya Mkoa hapo Tanga na umwache achague, hata akichagua kitabu cha picha cha watoto wadogo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania umekuwa ukihimiza uandishi na uchapishaji wa hadithi za Kiswahili tangu mwaka 1991, na vingi vya vitabu hivyo huvikuta kwenye maktaba za shule. Kwa mwenye simu, African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili zinazopakuliwa bure, na unaruhusiwa kuzichapa na kuzishona uzi zikawa vijitabu. Kushona huko mpe yeye.

*Mwalimu, sisi tuko Nakuru. Tunataka kuwafundisha watoto nyumbani moja kwa moja, wasiende shule kabisa. Je, sheria inaruhusu?*
Mzazi, Nakuru

Ndugu yangu, nitakujibu kwa ufupi kwa sababu hapa mwalimu si wakili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni na ahakikishe anahudhuria, na asipofanya hivyo ametenda kosa. Familia zinazofundisha nyumbani zipo, nyingi zikitumia mitaala ya kimataifa na watoto kufanya mitihani ya nje kama watahiniwa binafsi, lakini wapo pia wazazi waliowahi kushtakiwa. Usiitegemee hoja ya kwamba "wengine wanafanya." Muone wakili wa masuala ya elimu kabla hujamtoa mtoto. Wasomaji wa Tanzania nao wajue kwamba Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inalazimisha mtoto aliyetimiza miaka saba aandikishwe shule ya msingi. Ndiyo maana wengi wanaoniandikia kutoka huko hufanya kama yule baba wa Tanga: shule asubuhi, nyumbani jioni.

*Mwalimu, habari. Ninaishi Hamburg. Hapa Ujerumani kumfundisha mtoto nyumbani badala ya shule hakuruhusiwi. Mwanangu wa miaka saba ndiyo kwanza ameanza kusoma Kijerumani. Ninataka kumfundisha kusoma Kiswahili siku za Jumamosi, ila mwalimu wake ananiambia nitamchanganya.*
Baba wa mtoto mmoja, Hamburg

Kuchanganya kupo, baba, lakini ni kwa herufi chache, na zinajulikana. Mwanao atasoma "jua" kama "yua", kwa sababu j ya Kijerumani ni y yetu. "Wali" atasema "vali". "Zawadi" itatoka "tsavadi", na hapo mtacheka wote wawili. Andika kadi tatu, ya j, ya w na ya z, kila moja na picha ya kitu cha Kiswahili alichokishika: jani, waya, zabibu. Jumamosi mbili au tatu fanyeni hizo tu, na usimpe ukurasa mzima wa kusoma mpaka akitazama kadi aseme bila kufikiri. Huo ndio umilisi katika udogo wake: hujamwekea mtego mpya kabla hajautegua wa kwanza.

Baada ya hapo njia ni nyeupe, kwani karibu kila herufi ya Kiswahili ina sauti moja isiyobadilika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliowalinganisha watoto wanaoanza kusoma kwa maandishi ya lugha 13 za Ulaya, ulikuta kwamba wale wa Kiingereza, ambacho tahajia yake haitabiriki, walihitaji muda zaidi ya mara mbili ya wenzao wa lugha nyingi ambazo herufi zake hutamkwa kama zilivyoandikwa. Kiswahili hakikuwamo, ila kwa tabia yake kingekaa upande wa hao wenye bahati. Mwalimu wa mwanao hakuna unachomnyang'anya.

*Asalaam aleikum mwanangu. Mimi ni bibi, niko Unguja. Barua hii ameniandikia mjukuu wangu. Wajukuu wangu wawili mama yao huwasomesha nyumbani kila jioni, naye mara nyingi hurudi amechoka. Ningependa kumsaidia, lakini herufi hizi za kizungu sizijui, nilisoma chuoni tu, chuo cha Kurani. Kazi yangu ni kuwahadithia kisa cha fisi na ngombe mpaka walale. Je, nina faida yoyote kwao?*
Bibi, Unguja

Waaleikum salaam, na shikamoo, Bibi. Wewe hayo ninayowaandikia wenzako wa Houston na Tanga uliyajua ukiwa mtoto. Chuoni kwenu mlikaa jamvi moja, huyu yuko kwenye alifu, yule kwenye irabu, mwingine yuko Juzuu Amma, na mwalimu aliwasikiliza mmoja mmoja. Aliyeikosa sura leo aliisoma tena kesho, na hakuna aliyevushwa kwa kuwa wenzake wamevuka. Ukiiacha bakora, na ukiacha kwamba wengi wetu tulihifadhi bila kuelezwa maana, ndiyo njia ileile ambayo wasomi wa Chicago waliiandikia makala.

Kutozijua herufi kunakupa kitu ambacho mama yao hana. Mama akisomewa kitabu, mtoto anajua kwamba mama tayari ameshakiona kilichomo na anamsikiliza ili amkamate kosa. Wewe hujui kilichomo. Ukimwambia, "Hebu nisomee, nataka kujua huyu mzee alifikia wapi," ni kweli unataka kujua, na mtoto anaisikia ile kweli kwenye sauti yako. Atakusomea ili wewe upate hadithi. Ukiuliza, "Kwani huyo mke alikuwa wapi siku zote hizo?" atarudi ukurasa wa nyuma kukutafutia, na kurudi huko ndiko kusoma hasa.

Kusahihisha nako unakuweza. Herufi huzijui, lakini Kiswahili ni chako. Akisoma sentensi isiyo na maana, sikio lako litakataa hapohapo. Usimwambie amekosea, mwambie, "Sijaisikia vizuri, nirudilie." Mara nyingi atalirekebisha mwenyewe, na akishindwa mara mbili, wekeni jani la mkungu kwenye ukurasa huo mpaka mama yao arudi. Mama aliyechoka atakuta kazi ya dakika tano badala ya saa nzima.

Hadithi zako za usiku usiziache, ila usiku mmoja mmoja ikatishe njiani, mjukuu aimalizie. Na yule aliyekuandikia barua hii mwambie ameandika vizuri sana, mwandiko wake unasomeka. Kisha, siku nyingine, si leo, mwambie ng'ombe wake amesahau kumtilia ritifaa.